Usimpelekee Mungu Barua ya Kugongwa Muhuri: Namna ya Kutafuta Mapenzi Yake Unapopanga Mambo ya Mbele

Hapa Uganda, mtu anayetaka kufungua akaunti ya benki, kuomba kitambulisho au kumdhamini ndugu aliyekamatwa huanza mara nyingi kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji au mtaa. Barua huwa imekwisha kuandikwa. Mwenyekiti huisoma juu juu, huuliza unakaa nyumba ya nani, hupokea shilingi zake za wino, kisha hugonga muhuri. Kwa miaka mingi ambayo nimekuwa mzee wa kanisa katika ibada ya Kiswahili jijini Kampala, nikiketi na watu wa Nsambya, Katwe na Makindye wanaokuja kuombewa kwa ajili ya safari, ndoa, masomo na biashara, nimeona kwamba wengi wetu humwendea Mungu vivyo hivyo. Mpango umekwisha kukamilika, nauli imekwisha kuchangwa, shangazi amekwisha kuambiwa, na kinachobaki ni muhuri tu. Muhuri ukichelewa tunasema kwamba Mungu yuko kimya.

Kutafuta mapenzi ya Mungu ni kazi tofauti na hiyo, na ina hatua zake. Inahitaji magoti, lakini inahitaji pia daftari, nauli ya kwenda kuuliza, na ujasiri wa kusikia jibu usilolitaka.

Yasiyohitaji kuombewa

Kabla ya kufunga hata siku moja, pitia mpango wako ukitafuta jambo lolote ambalo Mungu amekwisha kulisemea wazi. Paulo anawaandikia Wathesalonike kwamba mapenzi ya Mungu ni kutakaswa kwao, wajiepushe na uasherati, na katika sura inayofuata anaongeza kwamba kushukuru katika kila jambo nako ni mapenzi ya Mungu. Nabii Mika alikwisha kutaja kutenda haki, kupenda rehema na kwenda kwa unyenyekevu. Kwa hiyo kazi inayokutaka uonyeshe cheti cha kughushi, biashara ambayo faida yake yote inatokana na kuvusha bidhaa Busia au Malaba usiku bila kulipa ushuru, au uchumba na mume wa mtu, si mambo ya kupelekwa kwenye mkesha wa Ijumaa. Jibu lake lilitolewa zamani, na anayeendelea kuliombea hatafuti mapenzi ya Mungu; anatafuta namna ya kuyapita.

Upande wa pili kuna mambo ambayo Mungu hakutufunulia na hana deni la kutufunulia. Kumbukumbu la Torati 29:29 linasema kwamba mambo ya siri ni ya Bwana. Utaishi miaka mingapi, shilingi itasimama vipi mwaka kesho, huyo mchumba atakuwa na afya hadi lini: haya hutayapata kwa kufunga, hata ukifunga siku arobaini.

Katikati ya pande hizo mbili kuna uwanja mpana, na humo ndimo mipango yetu mingi ilimo. Nisome uuguzi au ualimu? Nihamie Mbarara au nibaki Kampala? Nimwoe huyu au nisubiri? Hapa Yakobo anatuambia tuombe hekima, na hekima si ramani. Paulo anapozungumza juu ya mjane anayetaka kuolewa tena, katika 1 Wakorintho 7:39, anasema kwamba yuko huru kuolewa na mtu amtakaye, katika Bwana tu. Ona jinsi mpaka ulivyo mmoja, na ndani ya mpaka huo uhuru ulivyo mkubwa. Nasisitiza jambo hili kwa sababu nimekutana na vijana wengi wanaoishi kwa hofu, wakidhani kwamba mapenzi ya Mungu ni kama basi la mwisho la Mbarara, kwamba ukilikosa kwa dakika tano umelala stendi maisha yako yote. Hofu hiyo sikuifundisha, na katika Maandiko sijaiona.

Daftari, na sala isiyo na jina la nchi

Alikuja kwangu binti mmoja ambaye alikuwa amemaliza Senior Six, mwaka wa mwisho wa sekondari. Mama yake anauza mitumba katika soko la Owino, baba hayupo. Mbele yake kulikuwa na njia mbili: kusomea uuguzi, jambo alilolipenda tangu utotoni, au kwenda Saudia kufanya kazi za ndani, kama alivyofanya binti wa jirani aliyerudi na kumjengea mama yake vyumba viwili.

"Mzee, Bwana asifiwe," alisema. "Nimekuja uniombee safari yangu."

"Amina, mwanangu. Safari ipi?"

"Ya Saudia. Naomba Mungu aifungue."

Nilimwomba aniandikie sala hiyo katika daftari alilokuwa nalo, la kurasa 96, lile analoandikia nyimbo za kwaya. Akaandika: Mungu wangu, naomba unifungulie mlango wa Saudia, kampuni isinidanganye, na mama akubali. Nikamwuliza kama katika sentensi hiyo kuna mahali ambapo Mungu anaweza kusema hapana. Aliisoma mara mbili, akacheka kidogo, akaikata kwa mstari mmoja. Ilimchukua karibu nusu saa kuandika nyingine, na ilikuwa fupi kuliko ya kwanza: Mungu, nataka kumtunza mama na wadogo zangu, nionyeshe njia iliyo njema, na kama ninayoipenda si njema, iondoe moyoni mwangu.

Hiyo ndiyo ninayoiita sala isiyo na jina la nchi. Andika lengo lako, acha njia wazi, na umpe Mungu ruhusa ya kugusa hata matakwa yako. Majirani zetu Waislamu wa Kibuli wana sala ya istikhara, rakaa mbili zikifuatwa na dua, na katika dua hiyo mja huomba kwamba jambo analolikusudia likiwa na heri alipewe na lifanywe jepesi, na likiwa na shari liepushwe naye, naye aepushwe nalo. Tena wanazuoni wao hukumbusha kwamba si lazima mtu aote ndoto baada yake. Sisi Wakristo tuna Gethsemane, ambapo Yesu aliomba mapenzi ya Baba yatendeke na si yake, lakini mara nyingi tunaipitia haraka ili tufike kwenye kudai ahadi.

Katika daftari hilo hilo andika tarehe mbili. Ya kwanza ni siku uliyoanza kuomba. Ya pili ni siku ambayo utaamua. Anayeomba bila tarehe huzunguka, na baada ya mwaka mmoja huwa ameamuliwa na watu wengine. Kwa jambo kama shule, wiki tatu au nne zinatosha. Kwa ndoa, ambapo kuna kutembeleana kwa familia na kwanjula, yaani sherehe ya kumtambulisha mchumba nyumbani kwa kina binti, usijipe chini ya miezi kadhaa, hata kama wazazi wanataka tarehe ya ukumbi ifungwe upesi.

Kila siku soma sehemu ya Maandiko kwa mfululizo, kitabu kimoja kuanzia mwanzo, badala ya kufungua Biblia popote na kuweka kidole. Mithali inafaa sana kwa sababu ina sura 31, moja kwa kila siku ya mwezi mrefu, na nyingi zinahusu fedha, kazi, ulimi, dhamana na marafiki, yaani mambo yale yale yaliyo ndani ya mpango wako. Andika mstari mmoja uliokugusa na swali moja lililozuka. Usilazimishe mstari useme jina la chuo.

Kupiga hesabu ni sehemu ya kuomba

Mtu ninayempenda kuliko wote katika jambo hili ni Nehemia, na ningeshauri asomwe polepole. Alipata habari za kuta za Yerusalemu zilizobomoka katika mwezi wa Kisleu, akalia, akafunga, akaomba. Alipozungumza na mfalme Artashasta ulikuwa mwezi wa Nisani, yaani miezi kama minne baadaye. Wahubiri wengi husimama hapo kwenye maombi. Lakini mfalme alipomwuliza anataka nini, Nehemia aliomba moyoni kwa muda mfupi, kisha akajibu kama mtu aliyekwisha kufanya kazi yake ya nyumbani: alitaja muda atakaohitaji, akaomba barua za kuwapa maliwali wa ng'ambo ya Mto, na akaomba barua nyingine kwa Asafu, mtunza msitu wa mfalme, ili apewe miti. Alijua hata jina la mwenye mbao! Alipofika Yerusalemu alikaa siku tatu, kisha akaondoka usiku na watu wachache kuzikagua kuta, bila kumwambia mtu yeyote lile ambalo Mungu alikuwa ametia moyoni mwake, na penye kifusi kingi mnyama aliyempanda alikosa njia ya kupita. Ndipo aliporudi na kuwaambia wakuu, Haya, na tuujenge tena ukuta. Ukuta ulimalizika kwa siku 52.

Mimi mwenyewe nilijifunza haya kwa gharama. Miaka kadhaa iliyopita niliota nyumba yenye bati jekundu juu ya kilima, na siku tatu baadaye dalali mmoja akanipigia simu kuniambia kuhusu kibanja cha futi 50 kwa 100 upande wa Wakiso, juu ya kilima. Nikaona Mungu amesema. Nililipa nusu ya bei kabla ya wiki kuisha. Sikuwauliza majirani, sikumtafuta mwenye ardhi, wala sikufika ofisi ya ardhi, kwa kuwa nilidhani kwamba kuuliza sana ni kukosa imani. Baadaye watu wawili wengine walijitokeza, kila mmoja na karatasi yake ya mauziano ya kibanja kile kile, na mwenye ardhi hakumtambua hata mmoja wetu.

Mtu anayejua Buganda angeniuliza swali moja tu: ni kibanja cha nani, juu ya ardhi ya nani? Ardhi ya mailo, iliyotokana na Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900, inaweza kuwa na mwenye hati na pia mwenye kibanja, yaani mkaaji wa ardhi hiyo anayemlipa mwenye hati busuulu, kodi ya ardhi, na sheria ya ardhi ya mwaka 1998 inamtaka mwenye kibanja apate ridhaa ya mwenye ardhi kabla ya kuuza. Hayo nilikuwa nayasikia redioni kila wiki. Katika Yoshua sura ya 9, Waisraeli waliutazama mkate mkavu wa Wagibeoni na hawakutaka shauri kwa Bwana, wakadanganyika. Mimi nilitaka shauri kwa Bwana na sikuutazama mkate, nikadanganyika vile vile.

Kwa hiyo, katika ukurasa wa pili wa daftari, andika maswali yanayoweza kujibiwa na binadamu, na uende ukayajibu. Kama ni ardhi: mwenye hati ni nani, hati inasema nini katika ofisi ya ardhi, majirani na LC1 wanasemaje, nani mwingine anadai. Kama ni kazi ya Uarabuni: je, kampuni ina leseni ya Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii, mkataba unataja mshahara gani na saa ngapi za kazi, na ukitaka kurudi kabla ya muda nani atalipa tiketi? Kama ni boda ya mkopo: malipo ya kila wiki ni kiasi gani, na siku ya mvua ukipata nusu ya kawaida, utalipa kwa nini? Kama ni chuo: karo ya muhula, malazi, sare, vifaa, na je, chuo chenyewe kimesajiliwa? Yesu alipozungumza juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, alisema kwamba kwanza huketi na kuhesabu gharama. Neno lililotumika hapo ni kuketi.

Watu wa kuwauliza, na nabii wa Jumapili

Mithali 15:22 inasema kwamba pasipo mashauri makusudi hubatilika. Tatizo letu ni kwamba tunawachagua washauri kama tunavyochagua washangiliaji wa mpira. Tafuta watu watatu wa aina tofauti: mmoja anayelijua jambo lenyewe, kama muuguzi wa kweli ikiwa unataka kusomea uuguzi, mmoja anayekujua wewe na udhaifu wako, yule anayekumbuka kwamba mwaka juzi ulianza kushona nguo na ukaacha baada ya miezi miwili, na mmoja asiyepata chochote iwe utakwenda au utabaki. Dalali hawezi kuwa huyo wa tatu. Wala mjomba aliyekwisha kuahidiwa simu mpya.

Nchi hii ina urithi mzuri katika jambo hili. Uamsho ulioanzia Gahini nchini Rwanda na kuenea Uganda katika miaka ya 1930, ambao watu wake huitwa Balokole, yaani waliookoka, uliwafundisha waumini kuweka mambo yao nuruni mbele ya ndugu: safari, uchumba, hata deni. Sikubaliani na kila kilichofanyika humo, kwa maana wakati mwingine ndugu walizidisha mkono katika mambo ya mtu binafsi. Lakini aliyeogopa kulitaja jambo mbele ya kikundi chake alikuwa amekwisha kujua kitu fulani kulihusu, na hilo ni kweli hata leo.

Siku hizi wengi hawaendi kwa ndugu, wanakwenda kwa nabii, na baadhi huombwa kwanza watoe mbegu ya fedha ndipo wasikie neno lao. Sikatai unabii, Paulo alisema tusiutweze. Katika pumzi hiyo hiyo alisema tujaribu mambo yote na kulishika lililo jema. Soma 1 Wafalme 13, kisa cha mtu wa Mungu aliyetoka Yuda akiwa na agizo lake mwenyewe, asile mkate wala kunywa maji huko wala kurudi kwa njia aliyojia. Nabii mzee akamwambia kwamba malaika amesema naye, naye akaamini, akageuka, na simba akamwua njiani. Nabii mzee alikuwa amesema uongo, lakini aliyekufa ni yule aliyeacha alilolijua. Ukiambiwa neno na mtu yeyote, liandike na tarehe yake, lipime kwa Maandiko na kwa ukurasa wako wa hesabu, waonyeshe washauri wako watatu, na usilipe hata shilingi moja ili kulipata.

Milango, amani na ishara

Hapa nitasema machache, kwa kuwa watu huyapenda mno. Mlango uliofunguka si amri ya kuingia: katika 2 Wakorintho 2, Paulo alifunguliwa mlango Troa, lakini hakupata raha rohoni kwa sababu hakumkuta Tito, akaagana nao na kwenda Makedonia. Wala mlango wenye upinzani si lazima uwe umefungwa, kwa maana huko Efeso alisema kwamba amefunguliwa mlango mkubwa na wako wengi wampingao, akabaki. Gideoni naye, ambaye ngozi yake ya kondoo imekuwa kisingizio cha watu wengi, alikuwa amekwisha kuambiwa wazi la kufanya kabla ya kuiweka uwanjani. Aliiweka kwa mashaka, na Mungu alimvumilia.

Amani ya moyo ni shahidi mzuri, lakini ni shahidi mmoja tu. Wapo waliokuwa na amani kwa sababu hawakuwa wamesoma mkataba. Tena kuna mambo yaliyo sawa kabisa ambayo hutetemesha. Askofu Mkuu Janani Luwum, aliyeuawa tarehe 16 Februari 1977 katika utawala wa Idi Amin, na ambaye siku yake sasa ni ya mapumziko ya taifa, hakuchagua njia yenye usalama. Ukiona mpango wako unaleta hofu, iulize hofu hiyo inatoka wapi: katika hatari ya kweli, katika uvivu, au katika dhamiri inayokushtaki.

Kungoja bila kukunja mikono

Mstari unaoandikwa zaidi kwenye kuta za nyumba zetu na kwenye migongo ya teksi ni Yeremia 29:11, ule wa mawazo ya amani na si ya mabaya. Ningependa kila anayeunukuu asome barua yote. Yeremia aliwaandikia watu waliohamishwa kwenda Babeli, ambao manabii wengine walikuwa wakiwaahidi kurudi upesi, akawaambia kwamba itakuwa miaka sabini. Mstari wa 5 unawaambia wajenge nyumba na kukaa ndani yake, wapande bustani na kula matunda yake. Wa 7 unawaambia wautakie amani mji ule na kuuombea.

Nimeusoma mstari huo pamoja na wakimbizi wa Kongo huko Nakivale, katika wilaya ya Isingiro, mahali ambapo pamekuwa pakipokea wakimbizi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950. Wengi wao wana kesi ya kuhamishiwa nchi ya tatu, na kila simu ikilia wanashtuka. Mmoja aliniambia kwamba hakuupanda mwembe nyuma ya nyumba yake kwa sababu angeondoka kabla haujazaa. Alikuwa amelisema hilo kwa miaka tisa, na mwembe wa jirani yake sasa una kivuli cha kukalia watu kumi. Januari 2025, Marekani iliposimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, ziliumia zaidi familia ambazo zilikuwa zimekwisha kuuza vyombo vyao. Sisemi walikosea kutumaini. Nasema kwamba kungoja kwa Mungu kuna kazi ya leo ndani yake: sheria ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya kufanya kazi na kutembea, watoto wanaweza kuingia shule, na ardhi ile ndogo inaota mahindi hata kama mwenyewe anaiona kama stendi ya basi.

Kwa hiyo, ikiwa jibu lako linategemea mtu mwingine, matokeo ya mtihani, viza au barua ya ajira, gawa ukurasa wa tatu mara mbili. Upande mmoja andika yaliyo mikononi mwa wengine, uyaombee, uyaache. Upande mwingine andika yanayowezekana kufanywa wiki hii bila kungoja mtu, hata kama ni madogo: kupata nakala ya cheti, kujifunza kuendesha kompyuta, kulipa deni la duka, kupanda mti.

Siku ya kuamua

Tarehe ya pili ikifika, keti mahali patulivu na usome kurasa zote kwa sauti. Jiulize kama kuna jambo lolote la dhambi ndani ya mpango, kama hesabu inasimama, kama washauri watatu wameona jambo ambalo hukuliona, na kama ile sala isiyo na jina la nchi bado unaweza kuiomba bila kuuma meno. Ikiwa njia mbili bado zinaonekana njema, chagua ile unayoipenda, kwa shukrani, na usitafute ishara ya tatu. Barua ya mitume ya Yerusalemu, katika Matendo 15, ilisema kwamba imempendeza Roho Mtakatifu na wao. Walithubutu kuweka "na sisi" katika sentensi moja na Roho, baada ya kujadiliana sana.

Kisha andika uamuzi wako ukianza na maneno ambayo Yakobo alituagiza, "Bwana akipenda, tutakuwa hai na kufanya hivi au hivi." Waswahili tumeyazoea maneno haya mno, mtu husema Mungu akipenda akiwa na maana ya kwamba hatakuja. Yaandike ukiwa na maana yake, yaani weka tarehe ya tatu ambayo utaufungua mpango tena na kuusahihisha bila aibu. Paulo alizuiwa kuhubiri Asia, akajaribu kwenda Bithinia akazuiwa tena, na alikuwa njiani wakati wote huo. Maono ya mtu wa Makedonia yalimkuta akiwa ametembea.

Yule binti alirudi Jumamosi ya tatu, akiwa na mama yake. Alikuwa amekwenda wizarani kuuliza kuhusu kampuni, na hakuikuta katika orodha ya zilizopewa leseni. Alikuwa pia ameshinda siku nzima na muuguzi mmoja wa kituo cha afya, akaona damu, akaona mtoto akizaliwa, na akaandika kwamba alitapika mara moja na kwamba angependa kurudi kesho yake. Shangazi alikuwa amekasirika, na mama mwenyewe hakufurahi sana, kwa kuwa vyumba viwili vya jirani anaviona kila asubuhi akienda sokoni. Tulipiga hesabu ya muhula wa kwanza, sisi watatu, kwa simu ya mama: akiba yake, faida ya mitumba ya mwezi wa Desemba, mchango wa kaka yake anayeendesha boda, na kazi ambayo binti angefanya Owino wakati wa likizo. Zilipungua laki sita. Tuliirudia hesabu, na zikapungua laki sita tena. Binti akaandika juu ya ukurasa, Bwana akipenda, kisha jina la chuo na tarehe ya kujiandikisha, na chini kabisa, katika kona, akaandika 600,000 na neno moja pembeni yake: bado.